Fonisti Aliyefungua Kila Neno

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kutengeneza programu lilikuwa kumpa mjumbe maneno ya mwenye nyumba. Kuna programu inayoitwa make, na kazi yake ni kujenga programu nyingine. Yenyewe haitafsiri kitu. Inasoma faili moja ya maagizo, halafu inamwita compilateur, ambaye ndiye anayegeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Mimi nilitaka kumwambia compilateur jambo dogo, ajenge kwa ajili ya mashine ya zamani, nikaliandika jambo hilo pembeni ya jina la make. Make ikajibu kwamba haiijui option hiyo, ikasimama. Nikabadilisha herufi. Nikazima mashine na kuiwasha upya. Nilikuwa kama mtu anayegonga nyumba ya jirani akilalamika kwamba mkewe hafungui. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kilichotolewa fotokopi, kurasa zake zimeachana, na ukurasa niliouhitaji haukuwamo.

Nilipoelewa hatimaye kwamba maneno ya compilateur yanatiwa kwenye kitu kinachoitwa CFLAGS, kama bahasha, na kwamba make inaibeba bahasha hiyo na kuifikisha bila kuifungua, nilifurahi kupita kiasi. Nikasema: huyu ndiye mjumbe. Haulizi, haongezi, hapunguzi. Halafu nikamkumbuka Fonisti, ambaye ningepaswa kumwendea asubuhi iliyofuata, na furaha yote ikanitoka.

Fonisti alikuwa mtu wa foni pale Masisi centre, mji mdogo wa milimani. Foni ni ile redio ya kusemea mbali, yenye antena ya waya iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili na betri ya lori chini ya meza. Ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kuanza siku kwa rozari, aliyetaka kujua malori yake yamekwama kwenye tope gani. Lakini miaka ile ya vita simu zilikuwa hazijafika kule Ntoto, ndani ya msitu, na barabara zilifungwa na kufunguliwa kwa amri za watu wenye silaha waliokuwa vilimani. Basi kila aliyekuwa na ndugu mbali alikuja kusimama katika chumba kile cha duka lake, nyuma ya magunia ya chumvi, akamwambia Fonisti habari yake, na Fonisti akaisema hewani. Hakumruhusu mtu mwingine kushika maikrofoni. Aliipangusa kwa mkono wa koti kabla ya kusema na baada ya kusema, kama padri na kikombe chake.

Nilimfahamu miaka mingi, na sikumbuki siku hata moja ambayo hakuniudhi.

Kwanza, salamu. Betri ilikuwa inajazwa na kisahani kimoja cha umeme wa jua, na Masisi jua ni mgeni. Asubuhi nyingi tulikuwa na nguvu ya kusemea kwa muda mfupi tu. Mimi nimesimama nyuma yake na ujumbe wangu mkononi, nikiangalia sindano ya kipimo cha betri ikishuka, na yeye anaanza.

"Ntoto, Ntoto, Masisi anaita. À toi, sema weye."

"Masisi, minakupokea."

"Aksanti. Mumeamuka?"

"Tumeamuka, Papa."

"Batoto?"

"Banaamuka."

"Mvula?"

"Ilinyesha."

"Na ile mbuzi yenye ilivunjika muguu?"

"Papa, betri," nilikuwa nikimnong'oneza. "Betri!"

Alikuwa anageuka polepole, kofia yake ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. "Betri haina mama," alikuwa akisema. "Mutu iko na mama." Kisha anarudi kuuliza habari za mbuzi.

Pili, alikuwa na misemo miwili iliyopingana, na aliitumia yote miwili kwa uhakika uleule. Mtu akija kugombana kuhusu habari iliyofika vibaya, alisema, "Miye niko mudomo tu." Mtu akileta habari asiyoielewa, alisema, "Neno lenye sielewe, halipite hapa." Siku moja nilimwonyesha kwamba hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Mdomo hauhitaji kuelewa. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Weye unakulaka na mudomo wa nani?"

Mkulima mmoja, wa familia iliyolima mlima ule tangu zamani, alikuja kumwarifu kaka yake wa Nyamitaba kwamba ng'ombe wao amekufa. Fonisti alimwonea huruma kaka, akapitisha kwamba ng'ombe "anachokachoka kidogo." Kaka akatembea siku nzima amebeba dawa ya mifugo na chumvi ya kulambisha, akafika jioni, akawakuta wanatafuna mbavu. Alipokuja dukani kwa hasira, Fonisti hakutikisika. "Ulikuta nyama ao haukukuta? Ningesema imekufa, ungebaki kwako na njaa."

Mara nyingine mama mmoja alimwagiza amwambie mumewe, aliyekuwa anafanya biashara ndogo Ntoto, kwamba yeye ni mbwa na asirudi tena. Fonisti akasema hewani, "Bibi yako anakusalimia, anasema usiharakishe." Mume akashtuka kwa upole huo, akarudi haraka na kitenge. Mama alikuja kumtukana Fonisti mbele yetu sote, amevaa kitenge chenyewe.

Watu walicheka visa hivyo. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kuusukuma kuona kama umefungwa, kwenda hadi barabarani, kisha kurudi kuusukuma tena. Kwangu, ujumbe uliobadilishwa neno moja ni ujumbe ulioharibika, hata kama ulileta nyama na kitenge.

Lakini niseme pia nilichokiona. Siku mzee mmoja alipokuja kusema kwamba mjukuu wake amefariki njiani wakikimbia, Fonisti alivua kofia na hakulainisha hata silabi. Hakusalimu. Alisema jina la mtoto, jina la baba yake, mahali walipomzika, akaishia hapo. Baadaye nilimuuliza kwa nini safari hii hakuongeza sukari. Akasema, "Ile haina njia ya kando," akaanza kupangusa maikrofoni.

Sasa niseme kwa nini mimi, kijana wa kompyuta, nilimhitaji.

Dada yangu mkubwa alikuwa titulaire, yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya cha Ntoto. Dawa zake zilipita Masisi, kisha zikabebwa mgongoni msituni. Kila alipoomba kwinini au maji ya kutundika, aliomba kwa foni. Kila tulipomjibu kwamba wabebaji wanaondoka siku fulani kwa njia fulani, tulijibu kwa foni. Na foni ni kama kusema sokoni: kila mwenye redio ya namna ile anasikia. Watu wa vilimani walikuwa nayo. Mara mbili walikwenda kuketi njiani mahali hasa tulipopataja, wakawavua wabebaji mizigo hadi viatu. Mara ya pili mbebaji mmoja alirudi na mkono uliovunjika. Baada ya hapo masanduku ya dawa yalibaki Masisi, ukutani, na wabebaji wakasema wazi: mtakapoweza kusema na Ntoto bila wale kusikia, tutaondoka. Huko Ntoto dada alikuwa anapunguza dozi.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimepata programu, na kuiandika upya nusu yake, iliyoyageuza maandishi kuwa milio, kama vyura wa bondeni, na kuyapitisha kwa foni kutoka mashine moja hadi nyingine. Kabla ya kuyageuza iliyafunga kwa neno la siri tulilolijua mimi na dada tu. Mwenye duka alikubali nichomeke waya wangu kwenye foni yake. Fonisti aliutazama waya huo kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyekufa: haogopi, lakini hamweki mezani.

Nilijaribu programu kwangu hadi nikaichukia. Niliituma Ntoto kwenye diski, pamoja na maandishi yake yote ya asili, kwa mtu wa mwisho aliyekubali kupita msituni, na mtu huyo akasema harudi. Dada alikuwa na kompyuta kuukuu, iliyoachwa na watu wa mradi walipoondoka. Asubuhi aliyoifungua programu, Fonisti alisikiliza, akarudia polepole:

"Titulaire anasema, mashini yake inasema: Instruction non permise." Akageuza shingo. "Injeniyeri, nani alikataza?"

Maana yake ni amri isiyoruhusiwa, lakini hakuna aliyekataza. Mimi nilikuwa nimejenga programu kwa ajili ya mashine yangu, iliyokuwa mpya kidogo, na mashine ya dada haikujua baadhi ya maneno ya mashine yangu. Nilikuwa nimehakiki kila kitu isipokuwa masikio ya mpokeaji. Dawa yake ilikuwa ndogo: dada ajenge upya palepale, na make impelekee compilateur neno moja la ziada, kwamba ajenge kwa lugha ya zamani. Neno hilo ni -march=i586. Kamstari, herufi, alama ya sawasawa, herufi, tarakimu. Sauti moja tu ingeweza kulifikisha Ntoto.

Kitabu changu cha Kifaransa kiliyaita maneno ya namna hiyo drapeaux. Bendera. Nilikuwa nimezoea kulisoma hivyo, sikufikiri.

"Papa, mwambie aongeze drapeau moja. Inaitwa march."

Fonisti alivua visikizio, akaviweka mezani, akazima foni.

"Sema tena."

"Drapeau. March."

"Drapeau ya nani?"

"Ya compilateur."

"Ule compilateur iko ku kilima gani?"

"Papa, si mtu."

"Kijana, bale batu biko na foni sawa hii. Asubui banasikia, mangaribi banasikia. Miye niseme mu hewa: Ntoto, ongeza drapeau, marche! Kesho banakuya hapa. Weye utakimbia na kompyuta yako ku mugongo. Miye nitabeba antena?"

"Si marche ya miguu, ya askari. Ni kifupi cha architecture, namna mashine ilivyojengwa."

"Muzuri. Enda ku barabara, ubaambie: architecture."

Hapo alikuwa na haki, na haki yake iliniudhi kuliko makosa yake. Nilijaribu njia nyingine. Nikamweleza habari za make: mjumbe mwema, anayechukua asichokielewa na kukifikisha kama kilivyo, na kazi inakwenda.

"Haiulize?"

"Haiulizi."

"Iko na bibi?"

"Make? Haina."

"Banaweza kuikamata?"

"Hapana, Papa."

"Njo maana haiulize," akasema, akanifukuza hadi kesho yake.

Kesho yake alikuwa na mpango. Hatutasema neno lenyewe, tutasema herufi, na kila herufi itapewa chakula, kwa sababu watu wa vilimani wamezoea kumsikia akitaja bidhaa za tajiri wake. Majina ya vijiji aliyakataa. Vijiji ni vita. Basi nikaketi na mzee yule tukiligeuza neno la compilateur kuwa soko. M ya muhogo. A ya avoka. R ya riz, yaani mchele. C ya chumvi. H ya haricot, yaani maharage.

"Na kale kamustari?"

"Tiret."

"Ku soko banakaita namna gani?"

"Papa, hakauzwi."

Alifikiri. "Kijiti cha mushikaki."

Ilikuwa kazi nzuri, nakiri, na ningempa heshima yake kama angeishia hapo. Lakini kulikuwa na jambo moja kabla. Katika diski nilikuwa nimeacha vipande vilivyokwisha kujengwa kwenye mashine yangu, na make ikikuta vipande vipo inasema hakuna cha kufanya. Dada alipaswa kwanza kuandika make clean, ili vipande vya zamani vifutwe. Nikamwambia Fonisti: clean, C ya chumvi, L ya lengalenga, ile mboga, na kuendelea. Lakini clean alilijua! Alikuwa amelisikia kwa madereva waliopita Uganda. Na neno alilolijua hakuweza kulipitisha likiwa limefungwa.

"Titulaire, mudogo yako anasema, kwanza osha mashini."

"Papa, hapana!"

"Nyamaza, anajibu." Akasikiliza, akatabasamu. "Anasema aksanti. Ataosha na alcool."

Dada yangu aliipangusa kompyuta ile kwa pamba na spiriti, vitufe na kioo, kwa usafi wa chumba cha kuzalishia. Kisha akaandika muhogo na avoka zote kama zilivyo. Make ikamwambia hakuna cha kufanya.

Siku iliyofuata tulirekebisha hilo kwa herufi. Make ikafuta, ikaanza kujenga, ikafa tena, safari hii ikisema faili kadhaa hazionekani. Nilikaa nyuma ya magunia ya chumvi nikiisoma faili ya maagizo mstari kwa mstari. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia dada aandike CFLAGS yote upya kwenye mstari wa amri, na ukifanya hivyo, maneno unayoyaleta yanayafukuza yote yaliyokuwa yameandikwa ndani ya faili ya maagizo. Mle ndani kulikuwa na maneno ya kumwonyesha compilateur mahali pa kutafuta. Yote yakaondoka. Ilinibidi nimweleze Fonisti, maana alikataa kuwasha foni kabla hajaelewa.

"Kwa hiyo mugeni alipofika, mwenye nyumba akatoka," alisema.

"Ndiyo."

"Na uliniambia make iko na akili."

"Sikusema akili. Nilisema adabu."

Alicheka hadi akakohoa, akamwita mwenye duka aje asikie. Nilitamani kumrushia betri.

Jibu lilikuwa dada afungue faili ya maagizo, atafute mstari unaoanza na CFLAGS, asiguse kitu, na mwishoni mwake aongeze neno letu. Ongeza, usibadilishe. Fonisti alilipenda hilo. Akamwambia hewani kwamba sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, imekwisha pikwa, asiitoe chunguni, aongeze chumvi tu, mwisho wa mstari. Dada akaelewa mara moja. Kisha nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, jambo ambalo sitalisahau: "Mwambie aandike kila kitu atakachosikia. Kila kitu. Asiruke hata moja."

Fonisti alipitisha kijiti cha mshikaki, muhogo, avoka, riz, chumvi, haricot, sawasawa, I ya igname, yaani kiazi kikuu, tano, nane, sita. Halafu, kwa sababu ni yeye, na kwa sababu dada yangu alikuwa mtu mzima mwenye cheo, akaongeza: "tafazali."

Tulingoja. Kule Ntoto mtu alikuwa anakimbia kati ya kompyuta na foni. Sauti ya dada ilirudi, imekauka kwa hasira, na Fonisti akarudia neno kwa neno, uso wake ukibadilika kadiri alivyosema: "Compilateur anasema... tafazali: aucun fichier ou dossier de ce type."

Dada alikuwa ameandika kila kitu.

Nilielezea polepole, maana nilikuwa najizuia kulia. Make ilichukua tafazali ya Fonisti pamoja na neno langu, ikazifikisha zote mbili kwa adabu, bila kuuliza. Compilateur akaitafuta tafazali kama faili, hakuiona, akagoma. Fonisti aliipangusa maikrofoni. Nilidhani ameona aibu. Kumbe alikuwa ameumizwa na jambo jingine.

"Mu ile mashini yote," aliuliza, "hakuna fasi ya tafazali?"

"Hakuna, Papa."

"Na uko unaipenda?"

Nikamwambia aombe dada afute neno la mwisho. Akaomba. Mvua ilianza kugonga mabati. Kisha kisikizio kikatoa mlio, mrefu, wa juu na wa chini, kama vyura, na kwenye kioo cha mashine yangu herufi zikaanza kutoka moja moja: mudogo yangu, nakusoma.

Nilipiga ukelele. Mwenye duka alikuja na rozari mkononi. Fonisti alisikiliza milio hadi ikaisha, akauliza, "Anasema nini?"

Sikumwambia. Nilikuwa nimeliwaza jambo hili kwa muda mrefu na nilijivunia uamuzi wangu: asichokijua, hawezi kukisema. Nikiandika njia ya wabebaji, niligeuza kioo kisimwelekee. Nikiandika siku, nilikifunika kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kilichopita kwenye foni yake bila yeye kukifungua, na nilijiambia kwamba ninamlinda. Sehemu yangu nyingine, niiseme wazi, ilifurahi tu kwamba hataongeza kitu.

Wabebaji waliondoka na masanduku. Watu wa Ntoto walikwenda kuwapokea kwa njia ambayo haikuwa imetumiwa tangu vita vianze. Wakiwa bado wako msituni, watu wenye silaha walikuja dukani mchana, wateja wakiwa wamejaa. Walikuwa wamesikia vyura kwenye foni zao na hawakupenda. Mimi nilikuwa nyumbani, nanyoosha programu, natafuta koma iliyokosekana. Walichukua foni, walichukua betri, walimchukua Fonisti.

Dawa zilifika Ntoto zote. Fonisti alirudi baada ya siku kadhaa, akitembea kwa kuegemea fito, hakupita dukani, na kabla sijapata ujasiri wa kwenda kwake alikuwa amehama na watu wa nyumbani mwake. Waya wangu haukutajwa na mtu yeyote. Hakuna aliyekuja kuniuliza kitu.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, Lushebere, kambini kwa watu waliokimbia vita. Nilikuwa nimemsindikiza dada kwenye kazi ya chanjo. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha bâche, yaani turubai, akiwakatia majani simbiliki, wale wanyama wadogo wa kufugwa jikoni, kofia yake ileile imeshuka hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Hakuniacha niyaseme.

"Umeamuka?"

"Nimeamuka, Papa."

"Mama?"

"Yuko."

"Mvula kule kwenu?"

"Papa, nilitaka kusema..."

"Minakuuliza mvula."

Nikajibu mvua. Nikajibu barabara, bei ya chumvi, mwenye duka, mikaratusi ya antena. Hasira yangu ya zamani ilirudi, ileile, ya sindano inayoshuka. Mkono wake wa kushoto haukukunjika vizuri. Alikuwa anakata majani kwa kuyabana na goti. Ndipo akasema mwenyewe, bila kuinua macho.

"Baliniuliza nani alileta waya. Ile ilikuwa nyepesi. Nikasema tajiri aliununua Goma, juu ya muziki. Balikubali. Kisha bakauliza, bale vyura banasema nini."

"Na hukujua," nikasema haraka. "Kwa hiyo hukuwa na cha kuwaambia. Ndiyo maana sikukuambia, Papa. Nilitaka..."

"Acha nimalize. Nilijua ni dawa. Mutoto yeyote alijua. Balitaka njia. Miye nikasema mu roho: nitabapa njia ya uongo, baende, baniache. Njia biko mingi. Nikafungua kinywa nitaje moja." Aliweka majani chini. "Nikafunga. Na kama njo yenyewe? Kama nasema uongo, na uongo unaangukia kwenye batu ya dada yako? Ningejua njia ya kweli, ningebatuma ku njia ya ingine, ningelala kwangu ile siku. Sikujua. Njo nikanyamaza. Balidhani ninajua mingi."

Simbiliki walikuwa wanapiga miluzi ndani, chini ya kitanda. Nilikuwa na maelezo, ninayo hata leo, kuhusu kwa nini mjumbe asifungue bahasha. Yamo katika vitabu vyote na ni ya kweli. Hayakunifaa mbele ya mkono ule. Fonisti aliniomba nimsogezee majani, akaongeza tafazali, na nikamsogezea.

Programu ile bado inatumika Ntoto na katika vituo vingine. Nimebadilisha kitu kimoja tu: mtu anayeketi kwenye foni anapewa neno la siri, na mashine haitumi chochote kabla yeye hajausoma ujumbe wote na kukubali. Niliibadilisha wiki ileile niliyotoka Lushebere.